Kufinyanga Barakoa za Udongo kwa Kalibu

Kalibu inayofaa zaidi kwa kazi hii ni ya plasta, kwa sababu plasta hunyonya maji ya udongo, nao udongo ukipungukiwa maji husinyaa kidogo na kujibandua wenyewe. Kabla ya kumimina plasta juu ya sura uliyoichonga, ichunguze kwa makini na kuziba kila pembe iliyobonyea kwa chini, hasa matundu ya pua na nyuma ya masikio, la sivyo barakoa itanasa humo. Nyunyiza unga ndani ya maji, gramu 100 za plasta kwa gramu 70 za maji, wala usiache mkono ndani yake inapoganda, kwani hutoa joto linaloweza kuunguza. Kisha iache kalibu ikauke kabisa.

Kanda udongo mpaka hewa yote itoke. Napendelea ule uliochanganywa na vigae vilivyosagwa, kwa kuwa haupasuki upesi. Usukume uwe bapa lenye unene wa milimita 8 hivi, ulilaze juu ya kalibu, uinue kingo zake ili ushuke taratibu kwa uzito wake, ndipo uanze kukandamiza kwa sponji yenye unyevu, kutoka puani kuelekea kingoni. Pua ndiyo inayoharibu kazi nyingi: ukiuvuta udongo kwa nguvu huwa mwembamba na kuchanika, na ukiujaza kupita kiasi sehemu hiyo huchelewa kukauka na kupasuka. Pakichanika, kwaruza kingo zote mbili, paka uji wa udongo, ongeza kipande na kukikandamiza sana kwa kidole gumba, maana kiungo kilicholegea huonekana usoni kama kovu, na hutakiona mpaka barakoa itoke. Unapopunguza kingo, usiikwangue plasta. Chembe yake ikibaki ndani ya udongo, hunyonya unyevu baada ya kuchomwa, ikavimba na kubandua kipande.

Kingo zikishaachana na kalibu, weka ubao juu na upindue vyote kwa pamoja. Macho na mdomo hukatwa wakati huu, udongo ukiwa umekakamaa lakini bado unakatika, na vilevile matundu ya kupitishia kamba. Jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa chini ya uso usibonyee, na ufunike kwa nailoni, kingo hasa, kwa sababu ndizo hukauka kwanza na kuipinda barakoa.

Usiichome kabla haijakauka kabisa. Ikiwa baridi unapoigusisha shavuni, bado ina maji, nayo yakigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 za Selsiasi huipasua. Pandisha moto polepole, zaidi karibu na nyuzi 573, ambapo chembe za mchanga hutanuka ghafla, hadi ufikie takriban 1000. Tanuri lipoe lenyewe, lisifunguliwe likiwa bado na joto.