Jinsi ya kuwapa mbwa kazi kwenye dunia yako ya kubuni, eneo kwa eneo

Naandika stori za fantasi, na kitu naona wengi wanakiruka ni mbwa. Mtu kachora ramani safi kabisa, milima ipo, jangwa lipo, bandari zipo, halafu mbwa ni walewale kila mahali, wanabweka getini basi. Wakati mbwa ndo njia rahisi ya kumwonyesha msomaji watu wa sehemu fulani wanaishije.

Hatua ya 1: Usianze na sura. Kila eneo kwenye ramani jiulize watu wanakula nini na wanaogopa nini. Majibu hayo ndo yanakupa kazi ya mbwa, rangi na masikio vitakuja baadaye.

Hatua ya 2: Kazi ikijulikana, unda mwili na vifaa. Hapa tulia, utamu wote upo hapa, na mifano ya kweli ipo kibao. Msitu wa Kongo kuna basenji, mbwa ambaye kubweka ni nadra sana, kwahiyo wawindaji wanamfunga kengele ya mbao shingoni wasimpoteze vichakani. Uturuki mbwa wa kangal analinda kondoo, anavishwa kola ya chuma yenye miiba maana mbwa mwitu analenga koo. Ila mfano ninaoupenda zaidi ni Greenland, kule kwenye bahari iliyoganda kila mbwa anavuta sleji, yani kigari cha kuteleza kwenye barafu, kwa kamba yake mwenyewe, wanatawanyika kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, uzito unasambaa juu ya barafu na kila mmoja anajichagulia njia. Sasa wapeleke hao kwenye msitu uone, kamba zote zitanasa kwenye miti, ndo maana sehemu zenye miti mbwa wanafungwa wawiliwawili kwa mstari. Yani ufungaji wa kamba tu umeshaeleza ardhi ikoje, hujaandika aya nzima ya maelezo.

Hatua ya 3: Weka dini na mila. Huku kwetu pwani Waislamu wengi wanahesabu mate ya mbwa ni najisi, mbwa haruhusiwi kulala ndani. Lakini Sura ya Al-Maida aya ya 4 inaruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda, na Mabedui, Waarabu wa jangwani wanaohamahama, waliwatunza mbwa wao wa kuwinda, saluki, mpaka ndani ya hema. Dini moja, heshima tofauti. Mpeleke mfanyabiashara wa pwani akalale ugenini kwenye hema la hivyo, tayari una mvutano.

Hatua ya 4: Ua kazi mojawapo. Wasalish wa pwani ya Pasifiki, Amerika Kaskazini, walifuga mbwa wa sufu, wakawatenga wasichanganyike na wengine, wakawanyoa na kufuma blanketi. Ukoloni ukaja na blanketi za dukani zikaja, mbegu ile ikapotea. Uingereza nako kulikuwa na mbwa wa jikoni, anakimbia ndani ya gurudumu kuzungusha nyama motoni, mashine zikamtoa. Kwenye dunia yako nani bado anamkumbuka mbwa ambaye hayupo tena? Bibi mwenye blanketi la mwisho ni karakta tayari.

Hatua ya 5: Pima. Andika tukio moja fupi kwa kila eneo, mbwa akiwa kazini, kisha mbadilishe na mbwa wa eneo lingine. Tukio likiendelea vizuri tu bila kuharibika, rudi hatua ya 1 kwa eneo hilo.