Jinsi ya kuutunza moyo kwa kuanzia kichwani

Ukiambiwa utunze moyo unawaza chumvi, mafuta, sigara, sawa kabisa, ila kichwa wengi tunakiruka. Ukikasirika au ukiwa na wasiwasi mwili unamwaga homoni za stresi, adrenalini na kotizoli, mapigo yanaenda mbio, mishipa inabana na presha inapanda, ikitokea mara moja moja haina neno, balaa ni ikiwa kila siku mwezi hadi mwezi. Na mtu aliyevurugwa halali vizuri, hatembei, anasahau dawa, anavuta sigara zaidi, kwa hiyo moyo unapigwa pande mbili. Mwaka 2021 American Heart Association, chama cha afya ya moyo cha Marekani, walitoa tamko kwamba hali ya akili inaweza kuuumiza moyo au kuulinda, na madaktari wawe wanawauliza wagonjwa kuhusu hilo.

Mi ningeanza na pumzi kwa sababu haihitaji kitu. Kaa, legeza mabega, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, endelea hivyo dakika 5, itakuwa kama pumzi 6 kwa dakika. Kutoa ndo kuwe kurefu, maana hapo neva ya vagasi inaongeza kazi na hiyo ndo breki ya mapigo ya moyo. Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kabla na baada uone mwenyewe. Ukisikia kizunguzungu basi unavuta kwa pupa, acha, pumua kawaida kwanza.

Halafu tembea. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani nusu saa siku 5, mwendo ule wa kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Ukimpata mtu wa kutembea naye ndo bora zaidi kwa sababu upweke nao unahusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi, so simu moja ya kumjulia hali ndugu au rafiki uliyempotezea haipotei bure. Usingizi, lala masaa 7 hadi 9 kila usiku, simu iwe mbali na kitanda (najua, najua).

Kuna na ile ya kuandika mambo matatu mazuri ya siku kabla ya kulala. Mwanzoni niliona utoto, ila inakupunguzia kurudiarudia yaliyokuudhi. Usijilazimishe kuchekacheka lakini, kama una huzuni lia, mwambie mtu, kujifanya uko sawa kunachosha tu.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, jasho jembamba, pumzi inakata, usianze kuhesabu pumzi wala kusema ni stresi, nenda hospitali muda huohuo. Na huzuni au kukosa hamu ya kila kitu ikizidi wiki mbili muone daktari, hasa kama umeshapata mshtuko wa moyo, kwa hao sonona ni kawaida, karibu mtu 1 kati ya 5, na inatibika. Dawa za presha endelea nazo hata ukijisikia freshi, daktari wako ndo wa kusema zipunguzwe.