Damu baada ya mimba kutoka kwa dawa: nawajibu wote hapa

Kila wiki naulizwa lile lile, dada damu inakata inarudi, ni kawaida? Naandika mara moja, someni mpaka chini ndo muulize.

1. Vaa pedi, mana zinahesabika.

2. Andika tarehe uliyotumia misoprostol, ndo hiyo dawa yenyewe.

3. Damu ikikata na kurudi usishtuke. Wengi inakwenda siku 9 mpaka 16, wengine hufika 30. Leo nyekundu kesho kahawia keshokutwa hamna kitu, ukibeba ndoo inarudi, kizazi kinajikaza na kujisafisha kidogo kidogo.

4. Pima homa KABLA ya kumeza panadol. Hapa ndo nilipokosea mie. Tumbo likiniuma nikawa nameza kila baada ya saa 6, mwili nausikia mzima kumbe homa imefichwa na vidonge, mama ananambia mwanangu rangi yako siyo, mie namjibu uchovu tu. Siku ya 8 nikapitiwa na usingizi bila kumeza, alfajiri natetemeka meno yanagongana na damu inanuka. Masalio yalibaki ndani yakaingia vijidudu, nikasafishwa kizazi na sindano juu. Siku ya dawa yenyewe baridi na homa hutokea, ikishapita siku moja hiyo si ya dawa tena. Ikifika 38 usingoje kuche.

Spitali saa hiyo hiyo: pedi 2 kubwa kulowa kwa saa moja, na saa ya pili vile vile. Kizunguzungu cha kuanguka. Harufu mbaya. Maumivu makali ya upande mmoja, au umetumia dawa na damu hukuiona kabisa, mana mimba huenda imetunga nje ya kizazi. Kwa Unguja Mnazi Mmoja, kwa Pemba Chake, Wete au Mkoani. Mwambie daktari ulichomeza na lini, asibahatishe.

MASWALI

– Siku ya 12 imerudi, ndo hedhi?
Hatua ya 3. Hedhi hurudi wiki 4 mpaka 6.

– Wiki ya 2 nimepima mkojo mistari miwili, nimeze tena?
Usimeze kitu! Homoni hubaki hata wiki 4. Kama kichefuchefu na maziwa kuuma havijapungua, nenda ukapigwe ultrasaundi.

– Samahani dada, na sala nifanyeje ikikatika hivi?
Swali zuri bibie, wengi wanaona haya. Kwa sie Mashafi ukomo wa nifasi (damu ya uzazi) siku 60, aghlabu 40, ikizidi ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi wala ya uzazi. Lakini mimba ya wiki chache ina maelezo yake, muulize mwalimu wako umtajie wiki ngapi na damu ilivyokwenda.

– Mume wangu anasema mpaka hedhi irudi sishiki mimba.
Si kweli, yai laweza kutoka hata siku ya 8. Ukienda kuangaliwa omba na uzazi wa mpango hapo hapo.

– Nakula mchicha kila siku na bado natazama giza nikisimama.
Nenda ukapimwe wingi wa damu kwanza shoga. Na chai unainywa na chakula? Isogeze mbele saa moja au mbili, inazuia madini ya chuma, mchicha ukamulie ndimu, dagaa na maini ukipata ndo bora zaidi.