Kisawazishi kipofu kisipotulia: namna ya kutafuta chanzo

Kisawazishi kipofu ni kichujio cha kipokezi kinachoondoa mwingiliano wa alama (alama zilizotumwa kuingiliana njiani) bila mfuatano wa mafunzo, yaani alama ambazo kipokezi kingezijua mapema. Kipokezi hakijui kilichotumwa, kinajua tu sifa za kitakwimu za alama zenyewe. Algoriti inayotumika sana ni ile ya moduli thabiti (moduli ni ukubwa wa alama bila kujali fezi, yaani pembe yake), iliyoelezwa na Godard mwaka 1980, kisha na Treichler na Agee mwaka 1983. Isipotulia, wengi hukimbilia kuongeza koefisienti za kichujio (vizidishi vyake), ilhali hilo lingepaswa kuwa jambo la mwisho kujaribiwa.

Anza na thabiti R, thamani ambayo algoriti hulinganisha nayo moduli ya tokeo kwa kipeo cha pili; nayo ni wastani wa moduli kwa kipeo cha nne ukigawanywa kwa wastani wa moduli kwa kipeo cha pili. Kwa 16-QAM, yaani mpangilio wa alama 16, yenye viwango vya ±1 na ±3, wastani hizo ni 132 na 10, hivyo R ni 13.2; nguvu ya alama ikishushwa hadi 1, R huwa 1.32. R isiyo sahihi haizuii kutulia: hubadili tu ukubwa wa matokeo, na hitilafu huonekana baadaye, pale kisawazishi kinapoanza kutegemea maamuzi yake chenyewe, yaani kuichukulia alama iliyo karibu zaidi na tokeo kuwa ndiyo iliyotumwa.

Pili, tazama hatua ya marekebisho, yaani kiasi ambacho koefisienti hubadilishwa kila mara. Kosa, yaani tofauti kati ya moduli ya tokeo kwa kipeo cha pili na R, huzidishwa kwa tokeo lenyewe, kwa hiyo ishara ikiingia na nguvu kubwa kuliko ilivyotarajiwa, koefisienti hulipuka ghafla. Dhibiti nguvu ya ishara kwanza, ndipo uchague hatua. Lakini hata hatua ndogo haitakupa utulivu kamili. Katika 16-QAM, moduli za alama kwa kipeo cha pili ni 2, 10 na 18, wala hakuna hata moja iliyo sawa na 13.2, maana yake, kisawazishi kilichofanikiwa kikamilifu bado huona tofauti za −11.2, −3.2 na 4.8, na koefisienti zake huendelea kutikisika. Ukiona mtikisiko huo ilhali mafungu 16 ya alama yameshatengana, usianze upya. Punguza hatua, au hamia kwenye marekebisho yanayotegemea maamuzi.

Hali ni nyingine pale kosa linapotulia juu, mafungu yakiwa bado yamechanganyika. Hapo huenda kisawazishi kimenasa katika bonde lisilo la kina kabisa (mahali ambapo kosa haliwezi kushuka kwa hatua ndogo, ingawa kwingineko lipo dogo zaidi), jambo ambalo Ding, Kennedy, Anderson na Johnson walilithibitisha mwaka 1991 kwa visawazishi vyenye urefu wenye kikomo vinavyochukua sampuli moja kwa kila alama. Weka 1 katika koefisienti ya katikati na 0 kwingineko, kisha ujaribu kuisogeza nafasi hiyo. Dawa bora zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchukua sampuli mbili kwa kila alama: pasipo kelele, kichujio kikiwa na urefu wa kutosha na chaneli ndogo mbili (moja kwa kila sampuli ya alama) zikiwa hazina sifuri za pamoja, mabonde ya uongo hutoweka.

Mwisho, matokeo yakichora miduara mitatu badala ya mafungu, kisawazishi hakijashindwa. Moduli haibebi habari ya fezi, hivyo tofauti ya masafa kati ya kitumaji na kipokezi huzungusha mchoro mzima. Ongeza kitanzi cha kufuatilia fezi baada ya kisawazishi. Utata wa nyuzi 90 utakaosalia huondolewa kwa usimbaji wa tofauti (habari kubebwa na badiliko kati ya alama moja na inayofuata), ambao huongeza makosa ya biti kidogo.