Namna ya Kutafuta na Kusoma Tafiti za Chuo Kikuu Huria Ukiwa Dodoma

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wengi wa wanafunzi wake husoma huku wakiwa kazini: walimu, wauguzi, wahasibu, maofisa wa halmashauri. Hali hiyo ndiyo inayozipa tafiti zake sura nyingi, kwa kuwa mtu aliye kazini huchagua kuchunguza jambo linalomsumbua kila siku, liwe utoro wa wanafunzi, upotevu wa mapato ya halmashauri au migogoro ya mirathi. Kwa hiyo mkazi wa Dodoma, awe mwanafunzi, diwani au mkulima wa zabibu, ana sababu nzuri ya kuanza kutafuta katika hazina ya kidijitali ya chuo hicho, ambayo tasnifu zake, yaani ripoti ndefu za utafiti zinazoandikwa na wanafunzi wa shahada, husomwa kupitia intaneti. Kazi ngumu ni mbili: kuipata tasnifu inayokuhusu, na ukishaipata, kujua uiamini kwa kiasi gani.

Kabla ya kuwasha kompyuta, andika swali lako kwa sentensi moja. “Kilimo Dodoma” si swali. “Kwa nini wakulima wa Chamwino wanaendelea kupanda mahindi ilhali mtama unastahimili ukame zaidi” ni swali, kwa sababu lina watu, mahali na jambo linalotatiza. Katika sentensi hiyo chagua maneno matatu au manne ya kutafutia, kisha uyageuze kwa Kiingereza, maana tasnifu nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo; zile za isimu na fasihi ya Kiswahili ndizo utakazozikuta zimeandikwa kwa Kiswahili. Kwa mazao, ongeza jina la kisayansi, kama vile Sorghum bicolor kwa mtama, kwa sababu jina hilo halibadiliki kutoka lugha moja hadi nyingine.

Majina ya mahali yanahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Wilaya za Bahi na Chamwino zilitokana na iliyokuwa Dodoma Vijijini, na Chemba ilimegwa kutoka Kondoa. Mji wenyewe ulikuwa Manispaa hadi ulipotangazwa kuwa Jiji mwaka 2018. Anayetafuta “Chemba” peke yake atakosa kazi za zamani zilizofanyika katika vijiji vilevile vikiwa bado chini ya Kondoa. Tafuta kwa jina la sasa, kisha kwa jina la zamani, na mwisho kwa jina la kata au kijiji.

Ukipata orodha, usipakue kila kitu, kwani utamaliza bando bila kusoma. Soma ikisiri kwanza, yaani muhtasari mfupi ulio mwanzoni mwa tasnifu, kisha pakua mbili au tatu zinazolikaribia swali lako. Chuo kina kituo cha mkoa hapa Dodoma, na hapo unaweza kuulizia pale mtandao unaposumbua.

Sasa usomaji wenyewe. Wengi huanza na utangulizi wakachoka kabla ya kufika kwenye matokeo. Mimi nashauri uanze na sura ya mbinu za utafiti, kwa sababu thamani ya kazi nzima imelala humo. Tazama sampuli, yaani watu au kaya zilizochaguliwa kuwakilisha wote, ilivyopatikana. Watafiti wengi hutumia kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967, ambapo idadi ya watu wote hugawanywa kwa moja ukijumlisha zao la idadi hiyo na kipeo cha pili cha kiwango cha makosa. Irudie hesabu hiyo mwenyewe, ukiandika asilimia 5 kama 0.05. Katika kijiji chenye kaya 1,000, kiwango cha makosa cha asilimia 5 kinadai kaya 286, lakini cha asilimia 10 kinadai kaya 91 tu. Tasnifu iliyohoji kaya 91 haina kosa, ila haistahili kusomwa kama iliyohoji 286, hasa pale inapolinganisha asilimia zinazokaribiana.

Baada ya hapo uliza data zilikusanywa mwezi gani. Kwa mkoa wetu swali hili ni la lazima. Mvua za Dodoma huja kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na kaya iliyohojiwa Juni, baada ya mavuno, itatoa jibu tofauti kabisa kuhusu chakula na kaya hiyohiyo ikihojiwa Januari, wakati akiba ghalani imepungua na jembe liko shambani. Mwandishi asipotaja mwezi, fungua viambatisho mwishoni uangalie barua za kibali kutoka ofisi ya mkoa au ya halmashauri, kwa kuwa tarehe zake hukuonyesha ni lini aliruhusiwa kwenda uwandani. Angalia pia vijiji vilivyochaguliwa: vikiwa vyote kando ya barabara ya lami, usiyachukue matokeo hayo ukayapeleka Mpwapwa milimani.

Sura ya mapitio ya machapisho unaweza kuipitia haraka, lakini ipime kwa jambo moja unalolijua. Kwa mfano, anayeandika kuhusu mmomonyoko wa udongo Kondoa anapaswa kuufahamu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, pamoja na uamuzi wa mwaka 1979 wa kuondoa mifugo katika eneo lililoharibika. Asipoutaja kabisa, mapendekezo yake ya kupunguza mifugo yapokee kwa tahadhari, maana yanazungumzia jambo lililokwisha kujaribiwa palepale bila kueleza lilizaa nini.

Unaposoma, andika katika daftari jina la mwandishi, mwaka, jina la tasnifu, ngazi ya shahada na namba ya ukurasa wa kila jambo unalolichukua, na uandike kando ni maneno yake au ni yako. Ukikuta tasnifu mbili zinapingana, usiichague inayokupendeza. Rudi kwenye sura ya mbinu ya kila moja, ulinganishe sampuli, mwezi na vijiji, kisha uandike tofauti hiyo katika kazi yako kabla ya kuandika neno lolote la kuunga mkono upande mmoja.