Kuchagua Filamu na Kupata Tiketi za Tamasha la Filamu la Jiji

Tamasha la filamu la jiji kubwa huweza kuwa na filamu 200 au zaidi, zinazoonyeshwa katika kumbi kadhaa kwa muda wa siku kumi hivi, na mtazamaji mwenye kazi, familia na mfuko wenye mipaka ataona sehemu ndogo tu ya hizo. Filamu ipi ni bora kuliko zote hakuna anayejua kabla haijaonyeshwa. Swali lenye faida zaidi ni lile la filamu ipi ambayo usipoiona hapa huenda usiione tena. Filamu yenye mwigizaji mashuhuri na kampuni kubwa ya usambazaji nyuma yake itafika katika kumbi za kawaida baada ya wiki au miezi michache, mara nyingi kwa bei nafuu na bila foleni. Filamu ya kwanza ya mwongozaji asiyejulikana, isiyo na msambazaji, yaweza kuonyeshwa mara mbili katika jiji lako na isirudi tena. Yote yanayofuata yanatokana na tofauti hiyo.

Kabla ya kufungua ratiba, hakikisha kwamba tamasha lenyewe ni la umma. Tamasha la Cannes, lililoanza mwaka 1946, kimsingi ni la watu wa tasnia na waandishi wa habari, na mpita njia hawezi kujinunulia tiketi ya shindano kuu kama anavyonunua tiketi ya sinema ya kawaida. Tamasha la Berlin, lililoanza mwaka 1951, huuzia umma zaidi ya tiketi 300,000 katika mwaka wa kawaida, na lile la Toronto, lililoanza mwaka 1976, limejengwa juu ya watazamaji wa kawaida kiasi kwamba tuzo yake inayosubiriwa kuliko zote hutolewa kwa kura zao. Angalia pia kama tamasha hufanyika kila mwaka: FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou nchini Burkina Faso, lililoanza mwaka 1969, hufanyika kila baada ya miaka miwili.

Kuisoma programu

Programu ya tamasha hugawanywa katika sehemu, na jina la sehemu hukueleza mengi kuliko sifa zilizoandikwa chini ya picha. Shindano kuu hukusanya waongozaji ambao tayari wana majina. Kwa kawaida kuna sehemu ya filamu za kwanza au za pili za waongozaji wapya, sehemu ya filamu za hali halisi, sehemu ya filamu fupi, na pengine sehemu ya watoto na vijana, kama ile ambayo Berlin imekuwa nayo tangu mwaka 1978. Matamasha mengine yana maonyesho ya usiku wa manane kwa ajili ya filamu za kutisha na za vituko, ambako ukumbi hupiga kelele pamoja na filamu; mwenye kupenda kutazama kwa utulivu aziepuke, na mwenye kupenda shamrashamra azitafute.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote, na kwa maoni yangu bila haki, ni ile ya filamu za zamani zilizokarabatiwa. Filamu hizo zimeshapimwa na wakati, tiketi zake hazigombaniwi sana, na nafasi ya kuziona kwenye skrini kubwa, zikiwa na picha iliyosafishwa na sauti iliyorekebishwa, ni adimu kuliko nafasi ya kuona filamu mpya nyingi. Anayehudhuria tamasha kwa mara ya kwanza na asiyejua aanzie wapi atakuwa salama akichukua moja kati ya hizo.

Muhtasari wa filamu katika kijitabu cha programu usomwe kwa tahadhari, kwa sababu mwandishi wake mara nyingi ni mtu yule yule aliyeichagua filamu na ambaye kazi yake ni kukushawishi uione. Ruka vivumishi na utafute mambo yanayoweza kuthibitishwa: nani ameiongoza na aliwahi kufanya nini kabla, ina dakika ngapi, inazungumzwa lugha gani na ina maandishi ya tafsiri ya lugha ipi. Filamu ikieleweka kwako kwa maandishi tu, thibitisha kwamba onyesho lile hasa unalolinunua linayo, kwa maana filamu moja huweza kuonyeshwa kwa namna tofauti katika siku tofauti. Orodha ya nchi nne au tano isikudanganye pia: hizo ni nchi zilikotoka fedha za utayarishaji, na si lazima hadithi itokee hata katika mojawapo.

Maneno ya kuangalia zaidi ni yale yanayoeleza hadhi ya onyesho. Filamu ikiandikwa kuwa ni onyesho la kwanza duniani, maana yake hakuna hakiki yoyote ya kukuongoza, na unanunua kwa imani. Ndiko kwenye raha ya ugunduzi, na ndiko pia kwenye hatari ya kukaa saa mbili na filamu iliyokushinda. Filamu ikiwa imeshapita katika tamasha jingine, hakiki zake zipo. Kalenda husaidia hapa: Berlin huwa Februari, Cannes huwa Mei, Venice huanza mwishoni mwa Agosti, na filamu nyingi zilizoonyeshwa huko husambaa baadaye hadi kwenye matamasha ya miji mingine. Soma hakiki mbili au tatu, si ili ujue nyota ngapi filamu imepewa, bali ili ujue mhakiki amelalamikia nini. Akilalamika kwamba filamu ni ya polepole na haina maelezo ya kutosha, wapo watazamaji ambao hiyo kwao ni sifa.

Kisha fanya uchunguzi ambao wengi hawaufanyi: tafuta kama filamu ina msambazaji katika nchi yako na kama tarehe ya kutoka imeshatangazwa. Iliyo na tarehe iondoe katika orodha yako ya kwanza, isipokuwa kama unataka kumwona mwongozaji akiwa jukwaani, jambo ambalo ni sababu halali kabisa ya kununua tiketi ya bei ya juu.

Neno moja kuhusu filamu fupi. Kwa kanuni za tuzo za Oscar, filamu fupi ni ile isiyozidi dakika 40 pamoja na majina ya watengenezaji, lakini nyingi katika matamasha ni fupi zaidi ya hapo, nazo hufungwa pamoja tano au sita katika onyesho moja la karibu saa moja na nusu. Usipoipenda ya pili, ya tatu iko njiani. Kwa bei ya tiketi moja utakuwa umepima kazi za waongozaji sita, na baadhi yao ndio utakaowakuta katika shindano kuu miaka kumi ijayo.

Kupanga siku

Andika orodha ya filamu utakazosikitika kuzikosa, kisha nyingine ya zile ambazo ungezipokea kwa furaha zikipatikana. Ya kwanza iwe fupi. Mtaka yote hukosa yote, na katika tamasha hukosa kwa namna ya wazi: hununua tiketi za filamu tano kwa siku na kusinzia katika ya nne. Filamu mbili kwa siku ya kazi na tatu kwa siku ya mapumziko ni kiwango ambacho watu wengi hukiweza huku wakikumbuka walichokiona.

Muda wa filamu uliochapishwa si muda wa onyesho. Chukua filamu ya dakika 128 iliyopangwa saa 9:00 alasiri. Mtangazaji atazungumza na kumkaribisha mwongozaji, na dakika kumi zimekwenda. Filamu itakwisha saa 11:18. Maswali na majibu yatachukua dakika 25. Utatoka ukumbini saa 11:43. Kama filamu inayofuata inaanza saa 12:00 jioni katika ukumbi mwingine, una dakika 17 za kushuka ngazi pamoja na mamia ya watu, kusafiri na kupanga foleni upya. Katika karatasi ratiba hiyo inaonekana inawezekana. Kwa kweli utalazimika kuacha ama maswali na majibu ama kiti kizuri, na ni afadhali uamue mapema utaacha kipi. Acha angalau dakika 45 kati ya mwisho wa filamu moja na mwanzo wa nyingine kama kumbi ni tofauti, au panga kukaa katika ukumbi mmoja siku nzima, njia ambayo huleta pia filamu ambazo usingezichagua mwenyewe.

Ratiba nyingi huandikwa kwa saa 24, na kuigeuza kuwa saa zetu ni kazi inayohitaji utulivu: 15:00 ni saa tisa alasiri, 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Hatari kubwa iko katika maonyesho yanayopita usiku wa manane. Onyesho lililoandikwa 00:15 ya Jumamosi hufanyika katika ule usiku unaoanza Ijumaa jioni, na anayefika Jumamosi usiku atakuta limepita tangu jana. Maonyesho ya uwanjani, kama yale ambayo tamasha la Zanzibar limezoeleka kuyafanya ndani ya Ngome Kongwe, hutegemea giza na hali ya hewa, kwa hiyo usiyapangie kitu kingine mara tu baada yake.

Siku ya kununua

Tiketi hupatikana au hukosekana kabla mauzo hayajafunguliwa. Fungua akaunti katika mfumo wa tamasha siku chache mapema, hakikisha nenosiri linafanya kazi, weka taarifa za malipo ikiwa mfumo unaruhusu, na uwe na simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho kutoka benki karibu nawe na yenye chaji. Chunguza pia kama wanachama hununua kabla ya umma. Ada ya uanachama wakati mwingine hulipika kwa tiketi mbili au tatu tu. Fahamu vilevile kama tiketi zote hufunguliwa siku moja au kwa awamu. Berlin, kwa mfano, imezoea kuziachia siku tatu hivi kabla ya kila onyesho, hivyo mnunuzi anapaswa kuwa tayari kila asubuhi.

Mauzo yakifunguliwa, mifumo mingi hukuweka kwanza katika foleni ya mtandaoni. Usiupakie ukurasa upya ukiwa ndani ya foleni, kwa sababu waweza kurudishwa mwisho. Ukishaingia, kikapu chako kina saa inayohesabu, mara nyingi dakika chache tu, kwa hiyo huu si wakati wa kusoma muhtasari wa filamu. Uwe na karatasi yenye jina la filamu, siku, saa, ukumbi na onyesho la pili la kukimbilia iwapo la kwanza limejaa. Anza na filamu iliyo juu katika orodha yako na yenye ukumbi mdogo kuliko zote, kwa kuwa ukumbi wa viti 120 hujaa upesi hata kama filamu haina umaarufu wowote, huku jumba la viti 1,500 likibaki na nafasi za pembeni kwa saa nyingi. Ukiweza kuchagua kati ya onyesho la jioni lenye zulia jekundu na la marudio mchana wa siku ya kazi, chagua la mchana: filamu ni ile ile, bei huwa chini, na mwongozaji ambaye bado yumo mjini mara nyingi hufika huko pia, akiwa na muda zaidi wa kujibu.

Pasi ya siku zote huvutia, lakini gawanya bei yake kwa idadi ya filamu utakazoziona kweli, na si utakazotamani kuziona. Soma pia masharti yake, kwa sababu pasi nyingi bado humtaka mwenye nayo aweke nafasi kwa kila onyesho, na nyingine hazihusu usiku wa ufunguzi wala wa kufunga.

Ukiambiwa tiketi zimekwisha

Tangazo la kwamba tiketi zimekwisha lichukuliwe kama habari ya muda. Waandaaji hushikilia viti kwa ajili ya wafadhili, timu ya filamu na waandishi, na visivyotumika hurudi sokoni, baadhi siku moja kabla na baadhi dakika chache kabla ya kuanza. Pitia ukurasa wa onyesho asubuhi ya siku yenyewe, kisha tena saa mbili au tatu kabla. Ikishindikana, matamasha mengi yana foleni ya kusubiri mlangoni, ambako viti vilivyobaki wazi hugawiwa kwa waliosimama. Ulizia inafunguliwa saa ngapi na kama malipo ni kwa kadi tu. Mtu mmoja huingia kirahisi kuliko wawili wanaotaka kuketi pamoja, hivyo mkiwa wawili kubalianeni mapema kama mmoja wenu ataingia peke yake.

Walanguzi waachwe. Tiketi nyingi siku hizi ni msimbo unaosomwa mara moja tu, na mlanguzi aweza kuuza msimbo mmoja kwa watu watatu. Atakayefika wa kwanza ndiye atakayeingia. Na mwenye tiketi halali asichelewe, kwa maana matamasha mengi huwapa watu wa foleni viti vilivyo wazi dakika kumi au kumi na tano kabla ya filamu kuanza, na risiti haitamwondoa aliyekwisha kuketi.

Mwisho, usijaze siku ya mwisho ya tamasha wakati wa kununua. Matamasha mengi huitumia kurudia filamu zilizoshinda au zilizopendwa na watazamaji, na Berlin huitenga Jumapili yake ya mwisho kwa ajili ya umma. Wakati huo utakuwa umesikia katika foleni filamu gani watu wanaisifu na ipi wameitoka katikati, na utanunua ukijua mengi kuliko ulivyojua siku mauzo yalipofunguliwa.