Kumpa jina mbawakawa mpiga mbizi: kuanzia dimbwini hadi kwenye droo ya makumbusho

Kila masika simu yangu hujaa picha. Beseni la bluu, maji ya matope, na katikati kidoa cheusi. Chini yake: "Nimepata mdudu mpya, nisaidie kumpa jina." Siku hizi nimejifunza kutojibu papo hapo. Kumpa mdudu jina ni kazi ya alasiri moja. Kuthibitisha kwamba hakuna aliyempa jina kabla yako ndiko kunakokula miezi, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi katika mwongozo huu.

Mfano wangu ni jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) ya Copelatus, kwa sababu ndiyo hunitoa jasho zaidi. Ina spishi zaidi ya 400, hakuna jenasi kubwa kuliko hiyo katika familia nzima ya wapiga mbizi, Dytiscidae, na wengi wao ni wadogo kama punje ya mchele.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya wavu

Hapa Kenya utahitaji leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukiingia hifadhi ya wanyama kuna kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, na msitu wa serikali una wenyewe, KFS, shirika la misitu. Kama kielelezo, yaani mdudu uliyemhifadhi kwa utafiti, kitavuka mpaka kwenda maabara ya nje, hata kama ni mguu mmoja tu wa mdudu, zungumza mapema na NEMA, mamlaka ya mazingira. Usiseme utashughulikia baadaye. Kielelezo kilichokusanywa bila kibali kina kasoro isiyofutika, na majarida mengi yatauliza.

Hatua ya 2: Kukusanya

Wavu wangu fremu yake imechomelewa na fundi wa jua kali Kamukunji, na kitambaa chake ni pazia la mitumba kutoka Gikomba. Unafanya kazi vizuri kuliko ule wa dukani uliovunjika mpini wiki ya kwanza. Pitisha wavu kwenye majani ya ukingoni, si katikati ya maji. Copelatus hupenda vidimbwi vya msituni vyenye majani yaliyooza, vile ambavyo mtu huviruka bila kuvitazama. Usiku, taa mbele ya shuka jeupe huwaleta, kwa kuwa hawa huruka gizani kutafuta maji mapya. Uso unaometa huwadanganya pia: nimewahi kuokota mmoja mzuri juu ya boneti ya gari jeusi lililoegeshwa Lang'ata.

Hakikisha kwanza umeshika mpiga mbizi wa kweli. Mtazame akipanda kuvuta hewa. Dytiscidae hutoa makalio kwanza, hewa ikaingia chini ya mabawa. Binamu wa jina tu, Hydrophilidae, hutanguliza kichwa. Mpiga mbizi hupiga miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama makasia, na vipapasi vyake ni vyembamba kama uzi, havina rungu mwishoni.

Weka baadhi kwenye ethanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya DNA, na wengine kwenye ya asilimia 70 hadi 75 ili viungo visikakamae. Ndani ya kichupa kilekile tia kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli: mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, aina ya maji, jina la mkusanyaji. Kalamu ya wino wa kawaida huyeyuka kwenye ethanoli. Nina kichupa kimoja nyumbani chenye mbawakawa kumi na mmoja warembo na karatasi nyeupe pe. Hawana thamani yoyote.

Hatua ya 3: Kumweka kwenye ukoo wake

Chini ya hadubini, anza na pembetatu ndogo iliyo kati ya mabawa mawili magumu ya juu, ambayo sisi huita elitra. Kama haionekani, huenda uko kwa jenasi ya Laccophilus au kwa Hydroporinae. Ionekane au isionekane, hesabu pingili za wayo wa mbele na wa kati: pingili ya nne ikiwa ndogo mno, imejificha ndani ya ya tatu, uko kwenye kundi la Hydroporinae, isipokuwa wachache. Dume mkubwa mwenye sahani za kunata kwenye miguu ya mbele atakupeleka kwa jenasi za Cybister au Hydaticus. Na ukiona elitra zimechorwa mistari mirefu iliyochimbika, kama shamba lililolimwa kwa plau, basi karibu kwa Copelatus.

Hesabu mistari hiyo, na uangalie kama kuna mmoja wa ziada karibu na ukingo wa nje. Félix Guignot, Mfaransa aliyewapitia wapiga mbizi wa Afrika kati ya 1959 na 1961, aliwagawa Copelatus kwa hesabu hiyo. Makundi yake ni ya kurahisisha utafutaji, hayasemi nani ndugu wa nani. Yatumie kama rafu za duka tu.

Hatua ya 4: Uume wa mdudu, bila haya

Rangi hudanganya. Ukubwa hudanganya. Hata mikwaruzo ya elitra hudanganya, kwa kuwa katika spishi kadhaa jike ana mikwaruzo ambayo dume hana. Kinachotenganisha spishi kwa uhakika zaidi ni kiungo cha uzazi cha dume, kwa hiyo jikaze.

Mtie dume kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni ya vyombo hadi alainike. Mlaze chali. Nimepinda ncha ya pini nyembamba ikawa ndoana. Naiingiza mwisho wa fumbatio na kuvuta polepole, pumzi nimeibana. Kinatoka kijiti kilichopinda chenye vibawa viwili pembeni. Kioshe, kiweke kwenye tone la gliserini, na ukichore ukikitazama ubavuni na kwa chini. Pembe ya kutazamia ikibadilika kidogo, umbo lote hubadilika, kwa hiyo tumia pembe ileile kwa kila kielelezo. Ukimaliza, kigundishe kwenye kadi ndogo na kadi hiyo iingie pini ileile ya mwenyewe. Kikipotea, umebaki na mbawakawa asiye na kitambulisho.

Hatua ya 5: Je, ana jina tayari?

Nitaungama. Miaka michache iliyopita nilikuwa na madume watatu, rangi ya asali, wembamba kuliko Copelatus yeyote niliyemjua. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya maelezo, na jina nimelichagua. Mzee mmoja aliyezeeka na makusanyo aliinama kwenye hadubini yangu, akagusa bawa la mmoja kwa ncha ya pini. Likabonyea. "Kijana wangu," akasema, "huyu hajaiva." Walikuwa wametoka tu kwenye hatua ya bundo, ile iliyo kati ya buu na mdudu kamili, gamba halijakauka wala kupata rangi. Uume wao ulikuwa uleule wa spishi ya kawaida iliyokuwa droo ya pili.

Kwa hiyo: kusanya maelezo ya kila spishi ya Afrika yenye idadi ileile ya mistari. Anza na kazi ya mtaalamu Sharp ya 1882, uje kwa ya Régimbart ya 1895, kisha ya Guignot, halafu makala za karne hii. Maelezo ya zamani ni mafupi mno, mara nyingine mistari michache ya Kilatini isiyotaja uume kabisa. Hapo huna budi kuona kielelezo chenyewe kilichobeba jina, na vingi viko Paris, London au Tervuren nchini Ubelgiji. Omba picha kwa barua ya adabu. Kwa vilivyo hapa, panda Museum Hill, kwenye makusanyo ya wadudu ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

DNA husaidia. Kipande cha kawaida cha jeni ya COI kina herufi 658, na mguu mmoja wa kati hutosha. Lakini tofauti kwenye kipande hicho bila tofauti yoyote mwilini hainishawishi. Wapo wenzangu wasiokubaliana nami.

Hatua ya 6: Kuandika

Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, toleo la nne, inadai mambo machache lakini haisamehi. Jina lililochapishwa baada ya 1999 lazima liwe na holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina (au vichache kwa pamoja, ila mimi huchagua kimoja), na useme kimehifadhiwa wapi. Lazima pia ueleze kinachomtofautisha na wengine. Angalia sentensi hizi mbili:

"Mwili wa umbo la yai, rangi ya kahawia, unang'aa."

"Kila elitra ina mistari 6 na mmoja wa ukingoni, mstari wa kwanza unaishia kabla ya katikati, ncha ya uume, ikitazamwa ubavuni, imejikunja kama ndoana, ilhali kwa jirani yake wa karibu imenyooka."

Ya kwanza inamfaa nusu ya familia. Ya pili inaweza kupingwa, na ndiyo maana ina faida. Unapopima, toa urefu wa mwili wote na pia urefu bila kichwa, kwa sababu mdudu aliyekufa huvuta kichwa ndani au hukitoa nje apendavyo.

Copelatus ni jina la kiume katika sarufi ya Kilatini, hivyo kivumishi kifuate: niger, si nigra. Ukimtunuku mwanamume malizia kwa -i, mwanamke kwa -ae. Kujipa jina mwenyewe hakujakatazwa, utachekwa tu. Kanuni pia haikatazi Kiswahili, ingawa inashauri lugha inayosomwa sana na wataalamu, kwa hiyo mimi huandika Kiingereza na kuongeza muhtasari wa Kiswahili. Jarida likiwa la mtandaoni pekee, kazi yako lazima isajiliwe ZooBank, rejesta rasmi ya majina ya wanyama, na usajili uonekane ndani ya makala. Tangazo la WhatsApp si uchapishaji.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Holotaipu hupewa lebo nyekundu iliyochapwa na hubaki Nairobi. Parataipu, ndugu zake uliowatumia kwenye maelezo, wagawe makumbusho mawili au matatu, maana moto hauchagui jengo. Weka naftalini kwenye droo, na kila baada ya miezi mitatu uifungue ukague chini ya kila pini. Ukiona unga mwembamba wa kahawia, kuna buu anayekula taipu yako: toa droo nzima, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, na uiingize kwenye friza siku hiyohiyo.